Faiba na LED: mwanga unapotelea kwenye kiungo

Chukua modeli (kigari cha kuigiza) ya taksi ya Kampala, ile nyeupe yenye vimraba vya bluu ubavuni. Chini ya viti kuna LED mbili (vitaa vidogo vya umeme), nyeupe na nyekundu, na nyuzi za faiba, yaani nyuzi angavu za plastiki, zinapeleka mwanga kwenye taa za mbele na za nyuma. Unawasha, taa zinafifia. Hapo kila mtu ana ushauri, na mwingi wa ushauri huo ni wa kupotosha.

“Uzi mrefu unakula mwanga.” Kwa kazi ya mezani, hapana. Uzi wa akriliki, ndiyo plastiki yenyewe, unaotumika kwenye modeli kwa kawaida hupoteza chini ya asilimia 5 ya mwanga kwa mita. Ukiufupisha kutoka sentimita 40 hadi 20, jicho halitaona tofauti. Mwanga unapotelea pale uzi unapokutana na LED: ncha imepondeka, kuna pengo, au uzi umekaa upande.

Koleo ndilo linaloponda ncha. Kata kwa wembe mpya juu ya kitu kigumu, kisha isugue ncha kwa msasa wa maji, namba 600, 1000, halafu 2000, ukizungusha taratibu. Elekeza ncha moja dirishani utazame ya pili: duara liwe jeupe lote, bila kivuli pembeni.

“Weka LED kali zaidi.” Uzi hupokea miale inayoingia ndani ya takriban digrii 30 kila upande wa mhimili wake, iliyobaki inatorokea nje. LED bapa inayotawanya mwanga kwa digrii 120 inamwaga mwingi bure. Afadhali ya milimita 5 yenye miale finyu, digrii 15 hadi 30. Kupandisha mkondo kupita miliampia 20 ni kuiua mapema tu.

Kwa chaja ya simu ya volti 5, LED nyeupe inatoshwa na rezista (kipande kinachopunguza mkondo) ya omu 100, nyekundu omu 150. Wenye betri ya sola, angalieni: ile “volti 12” hupita 14 ikichajiwa. Unganisha LED nyeupe tatu kwa mfuatano na rezista ya omu 270, utalala usingizi.

“Supaglu ndiyo kiboko.” Hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Mvuke wake huacha utando mweupe kwenye ncha na kwenye kichwa cha LED, palepale mwanga unapopita, na uzi ulioguswa nayo hukakamaa ukavunjika ukikunjwa. Tumia epoksi angavu, ile ya kuchanganya sehemu mbili, uwe na subira. Gundi ya moto inashika, ila bunduki yenye joto kali hulainisha uzi, maana akriliki hulegea karibu na digrii 100 za Selsiasi.

Wengine hutoboa kichwa cha LED ili uzi uzame ndani. Inafaa sana, ukiwa na mkono mtulivu: isage juu iwe bapa, toboa kidogo, na usimame kabla ya kufikia ule waya mwembamba kama unywele unaoonekana ndani. Ukiugusa, LED imekufa. Ukiwa na nyuzi nyingi, zifunge pamoja na uzitie na LED ndani ya mrija wa soda uliozungushiwa utepe mweusi. Duara la milimita 5 hubeba hadi nyuzi 19 za milimita 1.

“LED haina joto.” Ndogo, sawa. Ya wati 1 itayeyusha ncha. Ifunge kwenye kipande cha alumini na uache pengo dogo.

“Mabaki ya faiba ya intaneti yanatosha.” Yale ni kioo. Kiini cha nyuzi nyingi za barabarani kina mikromita 9 tu, LED haipenyezi kitu cha maana humo, na vipande vyake huingia kwenye ngozi bila kuonekana. Achana nayo.

Kuna moja linalosemwa ambalo ni kweli: kwamba ncha ya nje ikipata moto, taa hupendeza. Isogeze karibu na kichwa cha kifaa cha kuchomelea risasi, bila kugusa, nayo itavimba iwe kitufe kinachoonekana hata kwa pembeni. Ila pitisha uzi kwanza kwenye tundu la taa kutoka ndani, upashe moto, ndipo uuvute nyuma hadi kitufe kikae. Ukianza na moto, hakipiti.