Kazi kwa kusindikizwa maana yake nini?

Wiki mbili zilizopita nilikaa katika ukumbi mmoja wa Ibanda, hapa Bukavu, chini ya kaliko lenye herufi kubwa: AJIRA YA MSAADA KWA VILEMA. Mama prezida aliyefungua mkutano alieleza kwamba vijana ishirini watapewa cherehani. Tukapiga makofi, tukapiga picha. Cherehani ni kitu chema, nazijua nyumba zinazokula kwa cherehani. Lakini jina lililoning'inia juu ya vichwa vyetu ni la jambo lingine kabisa, na nimelisikia likivutwa hivyo redioni na mikutanoni mara nyingi mno. Ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Mtu mwenye ulemavu anaingia kazi ya kawaida, mahali pa kawaida, kwa mshahara uleule wa wenzake. Anakwenda na msindikizaji, mtu aliyefunzwa, ambaye kwanza amekaa naye akajua anapenda nini na anaweza nini, akamtafutia kazi inayolingana na hayo, akamfundisha palepale kazini, akawazoesha wenzake, kisha akawa anapunguza kuja. Hiyo ndiyo njia ambayo hapa kwetu huitwa ajira ya msaada, na ambayo mimi naiita kazi kwa kusindikizwa.

Ilikomaa Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, ikaingia katika sheria yao mwaka 1986. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kufundisha kwanza, kazi baadaye: mtu aliwekwa kituoni mpaka awe tayari, na wengi walizeeka wakiungoja huo utayari. Marc Gold, mwalimu na mtafiti wa huko Marekani, alikuwa mmoja wa walioivunja desturi hiyo. Aliwachukua watu wenye ulemavu wa akili, ambao walimu wao walikuwa wamekwisha kata tamaa, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15, ile ya kukanyaga kinyumenyume. Aliigawa kazi hatua kwa hatua, na hatua ikigoma alitafuta namna nyingine ya kuionyesha. Hakusema mtu ndiye aliyegoma.

Sasa neno. Waingereza huiita njia hii kwa neno la kutegemeza, kama nguzo na paa. Wafaransa, walioiweka katika sheria yao mwaka 2016, hutumia neno la kuandamana na mtu, na ndani yake mna mwenzi, yule mnayekula naye mkate mmoja. Sisi tulifungua kamusi ya Kiingereza, tukakuta “msaada”, tukaifunga.

Msaada ni neno la Kiarabu, na kwa asili halina kosa. Ni ndugu wa saada, yaani heri. Ila neno hukaa na watu wa mahali. Hapa Kivu, tangu vita na ukimbizi wa miaka ya 1990, ukitamka msaada watu huona lori, foleni, jetoni mkononi, unga, mafuta, turubai. Msaada hugawiwa. Anayegawa ndiye anayejua nani apate na kiasi gani, na siku lori lisipokuja mambo yamekwisha. Patroni akiambiwa “ajira ya msaada” anasikia anaombwa sadaka. Atamweka kijana kwenye kiti karibu na mlango, atampa pesa ya sabuni mwisho wa mwezi, na atalala akiamini ametenda mema. Nimekiona kiti hicho katika nyumba za biashara tatu za mji huu. Aliyekikalia hakuwa na kazi. Alikuwa na mahali pa kukaa.

Kusindikiza ni kitu tunachokijua tangu utoto. Mgeni akiaga, humwachi mlangoni. Unatoka naye, mnashuka mlima mkizungumza, unamwonyesha palipo na matope, mnafika barabarani anapopata taksi au pikipiki. Hapo mgeni mwenyewe husema: umefika mbali, rudi sasa. Unarudi. Ukimfuata mpaka kitandani kwake atashangaa, na ukibaki umekaa ukampungia mkono tu, amekwenda ameumia. Safari ni yake, miguu ni yake, na anakokwenda umekujua kwa kumwuliza. Lipo pia neno sindika, kuuegesha mlango bila kutia komeo. Mimi huona maneno hayo mawili yanapendana: nyuma ya unayemsindikiza mlango hufungwa hivyo, ili ukihitajika utoke tena.

Mtoto wa dada yangu ana ulemavu wa akili, na anafanya kazi katika depo ya vinywaji huko Kadutu. Anapanga chupa tupu, kila aina katika kasiye yake, yaani kreti. Mwalimu mmoja, mama, ndiye aliyemsindikiza. Patroni alipomwambia atamchukua kijana kwa ajili ya Mungu, mama huyo alijibu: “Hapana, papa. Mchukue kwa sababu chupa zako zinachanganyika.” Kisha yeye mwenyewe akapanga chupa siku tatu kabla kijana hajaanza, ajue kazi inachosha wapi na inakosewa wapi. Mpwa wangu hahesabu mbali, lakini rangi na umbo la chupa havimpotei, basi mama akamchorea mistari ya chaki sakafuni, kasiye hizi hapa, zile pale. Wiki ya kwanza alisimama kando yake, ya pili akasimama getini. Waliomwambia arudi walikuwa wachukuzi: “Mama, kapumzike, sisi tuko naye.” Chupa ya umbo jipya ilipoingia, mpangilio ukavurugika, akaja tena siku mbili. Mshahara wa kijana ni ule wa wachukuzi wenzake, na dada yangu huniambia sasa anadaiwa mchango wa harusi kama mtu mzima yeyote.

Kinachonisumbua zaidi kuhusu zile cherehani ishirini ni kwamba sikusikia mtu akiuliza kama wote ishirini wanapenda kushona. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, unasema katika ibara ya 27 juu ya kujipatia riziki kwa kazi ambayo mtu ameichagua au ameikubali kwa hiari. Sisi tumekuwa tukiwachagulia, mwaka baada ya mwaka: kushona, kusuka vikapu, kushona tena.

Mama prezida nitamwona mwezi ujao. Nitamsalimu na nitamshukuru kwa kazi yake, kwa sababu anastahili. Kisha nitamwomba kaliko lijalo liseme kilichomo: CHEREHANI KWA VIJANA ISHIRINI. Jina la kazi kwa kusindikizwa alitunze kwa siku atakapomtuma mtu wake akashinde wiki mbili dukani au deponi, pamoja na kijana mmoja, katika kazi aliyoitaka kijana mwenyewe.