Kubadili vipimo vya uzito vya zamani: ratili ipi, ya wapi?

Kubadili kipimo cha uzito cha zamani ni kutafuta uzito uleule kwa kipimo kingine, aghalabu gramu au kilo. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu. Kazi iko kwenye kujua kipimo kilichoandikwa ni kipi hasa, maana jina moja lilibeba uzito tofauti kutegemea mji, karne, na hata bidhaa.

Chukua ratili. Ya Roma ya kale ilikuwa gramu 327 hivi. Ya Paris kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, gramu 489.5. Uingereza peke yake ilikuwa na mbili kwa wakati mmoja. Ya masonara, iliyoitwa troy, ilikuwa na wakia 12, na ya bidhaa za kawaida wakia 16. Hapo ndipo watu wengi hunaswa, kwa kuwa wakia zenyewe hazilingani. Wakia ya sonara ina punje 480 (punje ni kipimo kidogo kabisa cha uzito, “grain” kwa Kiingereza), ile nyingine 437.5. Kwa hiyo wakia ya dhahabu ni nzito kuliko wakia ya manyoya, lakini ratili ya dhahabu (punje 5,760) ni nyepesi kuliko ratili ya manyoya (punje 7,000).

Punje ndiyo daraja la kuvukia. Ya Kiingereza ni miligramu 64.79891, hivyo punje 7,000 ni gramu 453.59, uzito wa ratili inayotumika hadi leo. Usiivushe hadi Ufaransa, kwani huko punje ilikuwa nyepesi zaidi. Kilo ya mwaka 1799 iliwekwa kuwa punje 18,827.15 za Paris, na ratili ya Paris ilikuwa na punje 9,216. Gawanya 9,216 kwa 18,827.15, utapata kilo 0.4895.

Sasa tuseme hati ya Paris ya miaka ya 1780 inataja mkate wa ratili 4. Kwa ratili ya huko ni gramu 1,958. Ukitumia ya Kiingereza unapata 1,814, na gramu zaidi ya 140 zimeyeyuka. Hata hivyo, mimi ningeandika “karibu kilo 2”. Mwokaji hakupima kwa gramu moja moja, na tarakimu nyingi baada ya nukta zingedai uhakika ambao mizani yake haikuwa nao.