Skopu ya usiku inaona mbali kuliko .22 yako inavyopiga kwa uhakika

Kila nikiweka picha za sungura wa usiku maswali yanayokuja ni yale yale, skopu gani (ile darubini ya kulengea juu ya bunduki), bei gani, inaona mita ngapi. Hilo la mwisho ndo linaloniudhi kidogo, maana kwenye boksi wameandika mita 300, wengine 400, na mtu anasoma anaamini kabisa kwamba sasa atamdungua sungura mita 300. Mi kazi yangu ni kupunguza sungura kwenye mashamba huku Norfolk, mashariki mwa Uingereza, natumia .22 (bunduki ya risasi ndogo, kipenyo cha inchi 0.22) na bunduki ya upepo, na karibu kila sungura ninayempiga usiku yuko ndani ya mita 60. Skopu inaona mbali kweli, sikatai. Risasi ndo haifiki pale ulipolenga, inakuwa imeshashuka chini ya tumbo la mnyama, na usiku ni vigumu mno kujua yuko umbali gani. Tatizo lote liko hapo wakuu, hayo mengine ni mambo ya duka.

Kwa wanaoshangaa watu wazima wanahangaika na sungura usiku wa manane: huku sungura ni mharibifu anayetambuliwa na sheria. Kuna Pests Act ya 1954, na chini yake karibu England na Wales yote mwenye ardhi ana wajibu wa kuwadhibiti. Wanakula ngano changa kuanzia pembeni mwa shamba kwenda ndani mpaka panabaki udongo mtupu. Ugonjwa wa miksomatosi ulipoingia 1953 uliwamaliza karibu wote, wakarudi, halafu ukaja ule wa kutokwa damu kwa ndani miaka ya 90, kwa hiyo siku hizi unakuta shamba moja hakuna hata mmoja na la jirani limetoboka mashimo kila mahali. Na wakishapigwa risasi mchana mara kadhaa wanahamia usiku, ukiwafuata na tochi ya kawaida nayo wanaijua, wakiona mwanga mweupe wanazama shimoni kabla hujaweka kitako begani. Ndo maana watu tumehamia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho.

Vifaa viko vya aina tatu. Kuna zile za tyubu, zinachukua mwanga kidogo wa nyota na mwezi zinaugeuza kuwa elektroni, elektroni zinazidishwa halafu zinapigwa kwenye skrini ya fosfori, ndo ule ukijani wa kwenye sinema za vita. Jenaresheni ya kwanza ni rahisi na picha yake hovyo, ya pili na ya tatu ni nzuri ila bei yake unanunua pikipiki mpya na chenji inabaki, na ukiiwasha mchana kweupe bila kifuniko unaiharibu. Kwa sungura sizipendekezi, hela nyingi kwa mnyama wa kilo moja na nusu.

Kuna za digitali, na hizi ndo tunazotumia wengi. Hii ni kamera tu, hamna uchawi. Sensa yake ya silikoni inaona mwanga wa infraredi ambao jicho letu haliuoni, unafunga tochi ya infraredi juu ya skopu, mwanga unakwenda unampiga mnyama unarudi, picha inatokea kwenye skrini ndogo ndani. Ukitaka kuamini chukua rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako gizani, bonyeza kitufe, simu nyingi zitakuonyesha kitaa kinawaka ambacho kwa macho huoni kitu. Pard, HIKMICRO, Pulsar wote wanatengeneza za hivi, na uzuri wake mchana unaitumia kama skopu ya kawaida.

Halafu za joto, ambazo hazihitaji mwanga wowote, zinasoma joto la mwili. Za joto ni balaa kwa kutafuta, unazungusha kichwa mara moja unaona sungura wote wa shamba zima, hata aliyejificha kwenye majani unaona kipande cha sikio. Ila mi siipendi kwenye bunduki ndogo, kwa sababu inakwambia kuna kitu chenye joto, haikwambii vizuri ni kitu gani. Sungura aliyelala chini na paka wa mkulima aliyejikunyata, kwenye kamera ya joto ya bei ya kawaida ukiwa mita 80, nenda kawatofautishe wewe. Mi natembea na ya joto mkononi kutafutia, ya digitali iko kwenye bunduki kupigia. (Na usijaribu kuangalia kwa ya joto kupitia kioo cha gari, haioni, kioo kinazuia mawimbi yale. Watu wanarudisha vifaa dukani wakidhani vibovu.)

Sasa tochi ya infraredi, hapa watu hawaweki akili kabisa. Wananunua skopu ya pauni mia tano wanatumia kile kitochi kilichokuja nacho. Tochi ndo inayoamua utaona nini. Ziko za nanomita 850 na za 940 (ndo urefu wa wimbi la mwanga wake). Ya 850 inaenda mbali zaidi kwa sababu sensa ya silikoni inaiona vizuri, ila ukiiangalia uso kwa uso kuna kawekundu kadogo kanaonekana, na sungura waliosumbuliwa sana wanaweza kukastukia. Ya 940 hamna kitu kinachoonekana, ila umbali unapungua sana. Kwa mashamba mengi chukua 850, ile ya kukaza na kulegeza miale, halafu ilegeze. Wengi wanaikaza mpaka inakuwa kidoa kimoja cheupe katikati, sungura anaungua kwa mwanga anakuwa dongo jeupe halina masikio wala miguu.

Kitu kingine, majani mabichi yanarudisha infraredi kwa nguvu sana, ndo tabia ya mimea, kwa hiyo malisho ambayo kwa macho ni meusi kabisa kwenye skopu yanakuja meupe. Ukilala chini na kuna unyasi mmoja tu mbele ya tochi, unyasi huo unawaka, kamera inajipunguzia mwanga yenyewe, huko nyuma kunakuwa giza totoro na wewe unalaumu skopu. Inua bunduki, tumia miguu mirefu ya kuegeshea bunduki, au sogeza tochi pembeni. Ukungu nao ni hivyo hivyo, ni sawa na kuwasha ful ya gari kwenye ukungu wa mlima wa Kitonga kule Iringa, unaona ukuta mweupe tu. Usiku wa ukungu nabaki nyumbani.

Na macho. Wazee wa tochi za kawaida wanatambua mnyama kwa rangi ya macho, sungura yanang'aa kwa wekundu hafifu, mbweha meupe makali, kondoo nao makali. Hii ni kwa sababu mbweha, paka na kondoo wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, sungura hana. Kwenye skopu ya digitali rangi imekufa, kila jicho ni nukta nyeupe, hiyo elimu yote ya wazee inapotea. Kilichobaki ni umbo na mwendo. Sungura macho yake yako pembeni kwa hiyo mara nyingi unaona moja, mbweha akikutazama unaona mawili yamekaa karibu karibu, ila kondoo naye macho yako pembeni, na kondoo wa mtu ukimpiga hiyo kazi imeisha na jina limeharibika wilaya nzima. Kwa hiyo nukta peke yake haitoshi kuvuta triga, subiri ageuke uone masikio.

Sasa umbali, turudi kulekule. Mchana unajua umbali bila kufikiria, una macho mawili, una vivuli, rangi za mbali zinafifia, unaona miti na uzio kati yako na mnyama. Usiku kwenye skopu unatumia jicho moja kwenye skrini bapa isiyo na rangi, na mbaya zaidi mwanga unatoka palepale jicho lako lilipo, kwa hiyo kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu chake, huoni kivuli hata kimoja. Hata ule ung'avu hausaidii maana kamera inajirekebisha yenyewe. Matokeo yake kisungura kichanga cha mita 35 na dume la mita 70 wanaonekana mtu na pacha wake.

Weka hesabu juu yake. .22 yenye risasi za mwendo mdogo, zile zisizofikia kasi ya sauti ndo tunazotumia usiku na kiwambo cha sauti, ukiiseti ipige sawasawa mita 50, mita 70 itakuwa imeshuka kama sentimita 6, mita 90 kama sentimita 17. Bunduki ya upepo ya .22 ndo kabisa. Huku ile isiyohitaji cheti cha silaha haitakiwi kuzidi jouli 16 na kidogo, ukiiseti mita 30, mita 40 tu risasi imeshashuka sentimita 6 au 7. Mita kumi tu hizo! Na sehemu ya kichwa unayotakiwa kuipiga ili mnyama afe palepale haizidi sentimita 4. Ukikosea mita kumi na bunduki ya upepo unamvunja taya, anaingia shimoni akafie siku ya tatu, na hilo mi silikubali kwa mtu anayejiita mwindaji.

Njia ya kweli ni kipima umbali cha leza, skopu nyingine siku hizi wanazijengea ndani kabisa. Kama hela haijatosha, nenda shambani mchana, chagua sehemu utakayokaa, pima mpaka nguzo ya uzio, mpaka birika la ng'ombe, mpaka mdomo wa shimo lenyewe, andika. Usiku unapiga tu waliopo ndani ya alama zako. Wa nje ya hapo muangalie, mpige video, muache. Kuna watu wanakadiria umbali kwa kupima urefu wa mnyama kwenye alama za msalaba wa ndani ya skopu, inasaidia ila ujue kwenye digitali nyingi ukibadilisha zumu hesabu ya alama inaweza kubadilika, soma kitabu cha skopu yako.

Kuseti zero usiku, yaani kurekebisha skopu ili risasi itue pale unapolenga, kuna kichekesho chake. Unabandika karatasi ya shabaha, unawasha infraredi, karatasi nyeupe pee, hamna duara hamna kitu. Wino mwingi wa rangi hauonekani kwenye infraredi, unarudisha mwanga sawa na karatasi. Wino wenye kaboni, kama wa printa za leza, ndo unabaki mweusi, au toboa tu karatasi na uweke kitu cheusi nyuma ukishahakikisha kinaonekana, maana hata nguo nyeusi nyingi zinatokea nyeupe. Mi naseti mchana, halafu giza likiingia narudia kupiga kuhakikisha, kwa sababu fokasi ya infraredi na ya mchana hazifanani. Na betri, baridi ya Januari inazila vibaya, ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Usalama nitasema kimoja tu kwa sababu ndo kinachoua. Skopu inakuonyesha mpaka pale tochi inapoishia, nyuma ya hapo ni weusi, na weusi si ukuta. Risasi ya .22 inaenda zaidi ya kilomita moja, ikigonga jiwe inaruka isikojulikana. Kama hukuona mchana kwamba nyuma ya mnyama kuna kilima au tuta la udongo, usipige. Sungura aliyesimama juu ya kilele huyo ana bahati yake.

Sheria kwa ufupi, kwa walioko huku: skopu yenyewe haihitaji laiseni, .22 inahitaji cheti cha polisi, na Scotland tangu mwisho wa 2016 hata bunduki ya upepo inataka cheti. Ruhusa ya mwenye shamba iwe ya maandishi. Ndege na skopu ya usiku ni marufuku, kulungu usiku hapigwi, na kuna wanyama wa kulindwa utakaowaona kwenye skopu kila siku, kalunguyeye, fisi maji, na yule badger mwenye milia kichwani ambaye ni ukoo mmoja na nyegere wetu. Na wale wa nyumbani mnaoniuliza nitume kifaa: Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977, Tanzania una vibali vyake lakini kuwinda usiku hakuruhusiwi, kwa hiyo sitatuma, msinitafutie kesi.

Ukishapiga usizime kila kitu ukakimbilia na tochi nyeupe, wengine watarudi nje baada ya dakika kumi ukitulia. Baki kwenye skopu, hakikisha amelala, kumbuka yuko upande gani wa nguzo ipi, maana ukitoa jicho kwenye skrini unakuwa kipofu dakika kadhaa na malisho yote yanafanana. Kamera ya joto itakuonyesha alipo mpaka mwili upoe, majira ya baridi anapoa upesi kwa hiyo usisubiri sana, na mbweha naye ameshasikia. Mtoe mkojo kwa kukandamiza tumbo kwa kidole gumba ukishuka nacho chini, mpasue matumbo palepale, mning'inize hewa ipite. Bucha wa hapa anawanunua wakiwa wamepigwa kichwani tu, wa tumboni anawakataa.