Daktari wa VA akikuuliza habari, usiseme nzuri

Sisi tumelelewa kujibu "nzuri". Mtu anauliza habari za nyumbani, unasema nzuri, halafu ndipo unaongeza kwamba mama amelazwa. "Njema, ila tumefiwa." Ni adabu na sitaki ife. Lakini kwa miaka 9 ambayo nimewasaidia askari wastaafu kuandaa madai ya fidia ya ulemavu hapa Killeen, Texas, nje ya lango la kambi ambayo imebadilishwa jina mara mbili tangu 2023, nimeona adabu hiyo ikiwanyima watu wetu pesa nyingi kuliko fomu yoyote iliyojazwa vibaya.

Kijana mmoja kutoka Kisii (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane) aliendesha malori ya jeshi la Marekani miaka 8. Aliniletea barua ya uamuzi kutoka Idara ya Maveterani, ambayo kila mtu huiita VA. Goti: ulemavu wa asilimia 0. Mgongo: umekataliwa. Nikaomba nakala ya ripoti ya daktari aliyemchunguza. Karibu na mwanzo imeandikwa kwamba mhusika anasema anaendelea vizuri.

"Ndugu yangu, mbona ulimwambia uko vizuri?"

"Alinisalimia, kaka. Aliuliza unaendeleaje leo, nikasema salama. Ningesemaje?"

"Na goti? Hapa wameandika ulilikunja mpaka mwisho."

"Nililikunja. Liliniuma sana, lakini nilijikaza."

Hapo ndipo shida ilipo. Mchunguzi hapimi ujasiri wako. Anashika kipimo cha pembe, anaweka kwenye goti, anaangalia linakunjika mpaka digrii ngapi na maumivu yanaanzia wapi. Goti lisilopita digrii 45 hupewa asilimia 10. Likiishia 30 ni asilimia 20. Likiishia 15 ni 30. Hata likikunjika lote, kama linauma likikunjwa, kanuni zinaruhusu angalau asilimia 10. Lakini lazima useme "hapa linauma" pale linapoanza kuuma, na lazima ueleze siku zako mbaya zikoje, kwa sababu yeye amekuona dakika ishirini za siku ambayo pengine ulimeza dawa kabla ya kutoka nyumbani.

Sisemi udanganye. Anayetia chumvi hushikwa, tena haraka, maana wachunguzi hawa wameona magoti mengi. Ninasema usidanganye upande ule mwingine.

Turudi nyuma kidogo. VA ina mafungu mawili ya malipo ambayo watu huyachanganya. Pensheni ya VA ni ya askari mstaafu aliyetumikia wakati wa vita, mwenye kipato kidogo, aliyefika miaka 65 au asiyeweza kazi kabisa. Fidia ya ulemavu ni kitu kingine: haijali una mshahara wa kiasi gani, haikatwi kodi ya serikali kuu, na hulipwa kwa sababu mwili au akili yako iliumia ukiwa kazini. Huhitaji kuwa umejeruhiwa vitani. Uliteleza kwenye ngazi za bwenini ukivunjika kifundo, hiyo inahesabika. Wala huhitaji uraia. Kati ya vijana wetu walioingia kupitia mpango wa MAVNI, ule uliochukua wageni kwa ajili ya lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo, nimekutana na wanaodhani fidia ni ya raia tu. Sivyo. Kinachotazamwa ni utumishi wako na namna ulivyoachishwa.

Dai linasimama juu ya mafiga matatu. La kwanza, ugonjwa au jeraha ulilo nalo sasa, limethibitishwa na daktari. La pili, tukio au hali iliyokupata jeshini. La tatu, kiungo kati ya hayo mawili: maoni ya mtaalamu kwamba hili limetokana na lile. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika. Figa la tatu ndilo linaloangusha wengi, ingawa kipimo chake si kigumu kama watu wanavyodhani. Daktari hatakiwi kuapa. Anatakiwa kusema uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, na ushahidi ukilingana pande zote, sheria inampa askari ushindi. Shida ni kwamba madaktari wengi huandika "huenda imesababishwa na", na "huenda" haitoshi.

Figa la pili nalo kwa watu wetu lina historia yake. Zahanati ya kikosi hufunguliwa alfajiri, na anayekwenda huko huonekana mvivu. Mwafrika mwenye lafudhi, aliyeingia jeshini akiwa na miaka 29 miongoni mwa watoto wa miaka 18, ndiye wa mwisho kutaka kuitwa mvivu. Kwa hiyo anameza dawa za maumivu za dukani, anafunga goti kwa bendeji, anakimbia. Miaka 8 baadaye faili lake la matibabu ni jembamba kama daftari la darasa la kwanza. Babu yangu alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza, alikwenda Burma na kurudi na koti na sikio moja lisilosikia, na sikumbuki akilalamika hata siku moja. Tulimsifu kwa hilo. Sasa najiuliza kama tulifanya vyema.

Kama bado uko jeshini na unasoma haya, kesho nenda zahanati. Kama umeshatoka na faili ni jembamba, bado kuna njia: barua za mashahidi. Mwenzako wa kikosi aliyekuona ukianguka kutoka kwenye lori anaweza kuandika alichokiona kwa maneno yake, kwenye fomu ya 21-10210. Mkeo pia, na mchungaji au imamu aliyeona ulivyobadilika. VA inatakiwa kuupima ushahidi huo. Nimeona barua ya ukurasa mmoja ya dereva mwenza ikifanya kazi ambayo picha za eksirei zilishindwa kufanya.

Sasa hesabu, ambayo huwatia watu wazimu. Asilimia za VA hazijumlishwi kama nyanya sokoni. Wanakuchukulia kama mtu mzima wa asilimia 100, wanaondoa ulemavu mkubwa kwanza, kisha ule unaofuata unakatwa kwenye kilichobaki. Una 50 na 30? Toa 50, umebaki 50. Asilimia 30 ya 50 ni 15. Jumla 65, na mwisho wanakaribisha kwenye kumi iliyo karibu: 70. Ukiongeza masikio yanayovuma, ambayo ndiyo dai la kawaida kuliko yote na ambayo hupewa 10 tu hata yakivuma yote mawili, unafika 69. Bado ni 70. Masikio yako hayajakuletea senti.

Kwa viwango vya 2025, vilivyoanza Desemba 1, 2024, askari asiye na mke wala mtoto alipata dola 175.51 kwa mwezi akiwa na asilimia 10, dola 537.42 kwa 30, dola 1,759.19 kwa 70, dola 2,297.96 kwa 90. Na dola 3,831.30 kwa 100. Tazama mruko wa mwisho: kutoka 90 hadi 100 ilikuwa zaidi ya dola 1,500. Na kwa hesabu ile niliyoeleza, aliye na 90 kamili anahitaji ulemavu mwingine wa asilimia 50 ili afike 95 na kukaribishwa kuwa 100. Ndiyo maana nawaambia watu waache kukimbizana na mia moja kama ni bahati nasibu. Mtu ambaye majeraha yake yanamzuia kabisa kushika kazi ya kumlisha ana mlango mwingine: akiwa na ulemavu mmoja wa asilimia 60, au jumla ya 70 ambamo mmoja umefika 40, anaweza kuomba alipwe kiwango cha 100 kwa kutoweza kuajiriwa. Wanaoujua mlango huo ni wachache mno.

Asilimia 30 nayo ni kizingiti chake. Kuanzia hapo ndipo VA inakuongezea kwa ajili ya mke au mume, watoto, hata wazazi wanaokutegemea. Na hapa maswali kutoka nyumbani huwa mengi. Ndoa ya kimila? Sheria ya Marekani hutazama kama ndoa ilikuwa halali mahali mlipokuwa mkiishi mlipooana. Kenya inazitambua ndoa za kimila na za Kiislamu, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka zisajiliwe, kwa hiyo usiniletee video ya mahari tu, niletee cheti. Mke wa pili hahesabiwi, hata mkikaa kwa amani. Mama aliye kijijini anaweza kuhesabiwa, lakini mzazi anayeishi nje ya Marekani hapewi ule urahisi wa kupimwa kwa kipato kidogo peke yake. Lazima uonyeshe kwamba kweli anakutegemea. Tunza risiti za pesa unazomtumia. Zote. Najua unamtumia kila mwezi na hujawahi kuhesabu, kwa sababu kumhesabia mama ni aibu. Hesabu.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la tarehe. Nilitoka jeshini, nikapata kazi, nikasema madai ni ya waliokatwa miguu. Nilikaa miaka mitatu. Ungewasilisha dai ndani ya mwaka mmoja tangu kuachishwa, malipo yangerudi nyuma hadi siku iliyofuata kuachishwa kwako. Ukichelewa, yanaanzia kwa kawaida siku VA ilipopokea dai. Mimi nilipewa asilimia 40, na kwa viwango vya 2025 hiyo ilikuwa zaidi ya dola 9,000 kwa mwaka. Zidisha kwa mitatu, mimi nimeacha kufanya hivyo. Kuna fomu fupi, 21-0966, inayosema tu "nakusudia kudai". Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima huku ukitafuta karatasi. Ijaze leo hata kama hujui utadai nini. Na aliye bado jeshini anaweza kuanza dai lake kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka.

Waliopelekwa pembe yetu ya dunia wasome aya hii mara mbili. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini Agosti 10, 2022 na kupewa jina la Heath Robinson, sajini aliyefariki kwa saratani ya mapafu, inahusu moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine. Kwa waliotumikia nchi zilizotajwa, figa la tatu VA inalisimamisha yenyewe: ukiwa na ugonjwa ulio kwenye orodha, kama saratani kadhaa, pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, au mafua sugu ya pua, huhitaji daktari wa kuunganisha. Somalia imo, na Oman imo, tangu Agosti 2, 1990. Djibouti imo tangu Septemba 11, 2001. Kenya haimo. Waliokaa Manda Bay, kule Lamu, ambako al-Shabaab walishambulia Januari 5, 2020 na kuua Wamarekani watatu, hawakatazwi kudai, ila inabidi wajenge mafiga yote wenyewe.

Kuhusu wanaojitolea "kukusaidia": dai la kwanza hakuna anayeruhusiwa kukutoza. Mashirika ya maveterani kama American Legion, DAV na VFW yana wawakilishi walioidhinishwa na VA, na ni bure. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza, na asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo huhesabiwa kuwa ya haki. Ukisikia mtu kwenye WhatsApp anataka umlipe nyongeza yako ya miezi sita, kata simu. Mteja wangu mmoja alimlipa mtu wa namna hiyo dola 6,000, kwa kazi ambayo ningeifanya bure.

Unaweza kurudi nyumbani ukaishi Nakuru au Arusha, fidia itakufuata, kuhama hakuipunguzi. Kuna pia mpango wa VA wa matibabu ya nje unaolipia ulemavu uliokwisha kukubaliwa, si kila ugonjwa. Jisajili kabla hujaumwa, na uwe tayari kulipa hospitali kwanza kisha urudishiwe.

Yule kijana wa Kisii hatukukata tamaa. Ukikataliwa una mwaka mmoja wa kuchagua: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu aangalie faili lilelile, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Tulichagua ya kwanza: barua ya daktari iliyosema nusu kwa nusu, barua ya dereva mwenza, na uchunguzi mpya ambao safari hii aliutayarishia. Mgongo 20, goti 10. Toa 20, asilimia 10 ya 80 ni 8, jumla 28, wakakaribisha 30. Watoto wake wawili wakaingia kwenye hesabu, na kwa kuwa tuliwahi ndani ya mwaka, malipo yalirudi hadi tarehe ya dai lake la kwanza.

Ukija ofisini kwangu, njoo na DD 214, ile karatasi ya kuachishwa jeshini, faili la matibabu, vyeti vya watoto. Na uje na mkeo. Wewe utaniambia unalala vizuri. Yeye ndiye anayejua unaamka saa ngapi.