Samaki wa Kilindini: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyomo Baharini

Picha za viumbe wa kilindini hufika Moshi mapema kuliko changu wa Tanga aliyelazwa kwenye barafu. Leo zinaingia kwenye kundi la ukoo, kesho ziko kijiweni, keshokutwa mwanafunzi anauliza darasani kama ni kweli. Nafundisha biolojia, kwa hiyo maswali hunifuata hata nikiwa sokoni Mbuyuni. "Mwalimu, wale si samaki, wale ni majini," kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, na abiria wake akaitikia.

Mara nyingi picha huwa ni ya kweli, maelezo yake ndiyo ya kupikwa. Mfano ni zile picha zinazodaiwa kuwa za mazimwi yaliyotupwa ufukoni na tsunami ya Desemba 2004. Zimezunguka duniani kwa miaka, na kwa kuwa mawimbi yale yalifika hadi pwani ya Tanzania, watu wetu hawakuwa na sababu ya kuzitilia shaka. Samaki wale walivuliwa katikati ya mwaka 2003 na meli ya utafiti ya wanasayansi wa Australia na New Zealand, katika bahari iliyo kati ya nchi hizo mbili. Tsunami ilikuwa bado mwaka na nusu.

"Mgandamizo wa huko chini unaponda kila kitu"

Mgandamizo upo, na si wa mchezo. Mgumu anayebeba mizigo ya watalii hupanda hadi Uhuru, mita 5,895, ndipo mgandamizo wa hewa upungue kufikia karibu nusu ya ule wa pwani. Mzamiaji akishuka mita 10 tu, wa kwake umeshakuwa maradufu, na kila mita 10 nyingine zinaongeza kiasi kilekile. Mahali penye kina kuliko pote, Challenger Deep katika Mfereji wa Mariana huko Pasifiki, panapita mita 10,900. Chukua Kilimanjaro, utwishe Mlima Meru juu yake, uvizamishe vyote humo: bado kilele kitabaki chini ya maji kwa zaidi ya mita 400. Kila sentimita moja ya mraba pale chini inabeba zaidi ya tani moja.

Sasa mbona jongoo bahari wanatambaa humo bila wasiwasi? Kwa sababu kinachopondeka ni uwazi wenye hewa. Sisi tuna mapafu, ndiyo maana Jacques Piccard na Don Walsh walipofika pale Januari 1960 walikuwa ndani ya tufe la chuma nene la chombo chao Trieste. Kiumbe ambaye mwili wake umejaa maji hana cha kubanwa; maji hayabaniki kirahisi, na nguvu inayomsukuma kutoka nje inalingana na iliyo ndani yake.

Maelezo mengi huishia hapo, ilhali sehemu tamu ndiyo inaanza. Hata pasipo hewa, mgandamizo mkubwa huingia hadi kwenye molekuli, ukazikunja protini vibaya na vimeng'enya vikashindwa kazi. Samaki wa kilindini hujikinga kwa kemikali iitwayo trimethilamini oksaidi, kwa kifupi TMAO, ambayo huzishikilia protini zibaki na umbo lake. Samaki wengi wa baharini wanayo, ila kadiri wanavyoishi chini zaidi ndivyo inavyozidi mwilini. Na unaijua bila kujua kwamba unaijua: samaki wa baharini akifa, bakteria huivunja, na ile shombo inayokukaribisha kwenye meza ya muuza samaki inatokana kwa sehemu kubwa na kuvunjika huko.

Kinga hiyo ina mwisho wake. TMAO inavyoongezeka, ukolezi wa vitu vilivyoyeyuka katika mwili wa samaki nao unapanda, na kwenye kina cha mita 8,200 hadi 8,400 hivi unalingana na ule wa maji ya bahari. Kwenda chini zaidi ya hapo kungemaanisha maji kumwingia bila kukoma. Hesabu hiyo ilitolewa na wanasayansi, kisha mwaka 2022 kamera iliyoshushwa kwenye mfereji mmoja kusini mwa Japani ikamnasa samaki mdogo laini wa jamii ya Pseudoliparis akiogelea katika mita 8,336. Hakuna samaki aliyewahi kupigwa picha chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo dhana nyingine inaanguka hapohapo: samaki hawapo mpaka chini kabisa. Piccard mwenyewe alisema kwamba katika sakafu ya Challenger Deep aliona samaki bapa. Leo wataalamu wengi wanaamini aliona kiumbe mwingine, huenda jongoo bahari. Alikuwa anachungulia kwenye kidirisha kidogo, huku tope likiwa limetimka. Simlaumu.

"Yule bonge ndiye samaki mwenye sura mbaya kuliko wote"

Mnamfahamu, Waingereza humwita blobfish: wa rangi ya waridi, pua imening'inia, mdomo umekunjwa kama amefiwa. Yumo kati ya waliovuliwa katika ile safari ya 2003, na mwaka 2013 chama kimoja cha Uingereza kinachotetea wanyama wasiopendeza kilimpigia kura awe nembo yake. Kwao, kwenye mita 600 hadi 1,200 baharini karibu na Australia na New Zealand, ni samaki wa kawaida tu, mwenye kichwa kikubwa na mkia mwembamba.

Wanaomtetea nao wanakosea kidogo wanaposema kwamba alipasuka kwa kutolewa kwenye mgandamizo. Kuna samaki wanaofikwa na hilo: wale wenye kibofu cha hewa. Waliopanda Kilimanjaro wameona pakiti ya krispi iliyonunuliwa mjini ikivimba kama puto ikifika kambi ya Barafu. Kibofu cha samaki aliyevutwa juu haraka hufanya vivyo hivyo, mpaka tumbo linamtokea mdomoni. Bonge yeye hana kibofu hicho. Nyama yake ni laini, imejaa maji, nyepesi kidogo kuliko bahari yenyewe, na hilo ndilo linalomwezesha kukaa karibu na sakafu bila kutumia nguvu nyingi. Umbo lake linashikwa na maji yanayomzunguka. Ukimburuta kwenye wavu pamoja na tani za samaki wengine, kisha ukamlaza mezani, unachokipiga picha ni maiti iliyoumia.

"Zimwi lenye taa kichwani linaweza kummeza mtu"

Mwanzoni mwa 2025 ilisambaa video ya samaki mweusi mwenye meno kama sindano na kijitaa juu ya kichwa, akiogelea mchana kweupe karibu na kisiwa cha Tenerife. Kwenye simu alionekana mkubwa kama mbuzi. Alikuwa na urefu wa sentimita 6 hivi. Wengi wa jamii hiyo ni wadogo. Wakubwa kabisa, wa jina la Ceratias holboelli, hupita mita moja kidogo, na hao ni majike.

Taa ni ya jike pekee, na mwanga wenyewe hautengenezi yeye: unatoka kwa bakteria wanaoishi ndani ya kile kijitaa. Dume ni kidude kidogo kinachozunguka gizani kikimtafuta jike kwa harufu. Mwaka 1922 mtafiti wa Iceland, Bjarni Sæmundsson, aliona visamaki vimeng'ang'ania jike kubwa, akadhani ni watoto wake. Miaka mitatu baadaye mtaalamu wa samaki wa Uingereza, Charles Tate Regan, akapasua mmoja na kukuta ni dume lililokomaa, ngozi na mishipa ya damu imeungana na ya jike, likilishwa kwa damu ya mkewe. (Nikilifundisha hili, wasichana wa darasa langu hucheka kwa sauti ya watu waliokwisha kuona mengi.) Lakini msiwapake wote matope: katika spishi kadhaa, ukiwemo ukoo wa yule wa Tenerife, dume hujishikiza kwa muda tu, kisha huachia. Utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba wale wanaoungana moja kwa moja wamepoteza jeni muhimu za kinga ya mwili, zile ambazo kwetu sisi hukataa kiungo kilichopandikizwa.

"Huko ni giza tupu"

Giza la jua, ndiyo: chini ya mita 1,000 haufiki hata mwale. Ila katika utafiti wa pwani ya Kalifonia uliotolewa 2017, takriban robo tatu ya wanyama waliohesabiwa katika tabaka mbalimbali za maji walikuwa na uwezo wa kutoa mwanga. Mwingi ni wa buluu, kwa kuwa ndio unaosafiri mbali majini. Rangi nyekundu huisha mapema, hivyo kamba mwekundu kule chini ni sawa na mweusi, amejificha.

"Bila jua hakuna maisha"

Hapa lawama ni yetu walimu. Minyororo ya chakula tunayoichora ubaoni huanza na jua, na kwa sehemu kubwa ya bahari ni sahihi: chini huishi kwa makombo yanayonyesha kutoka juu, mabaki ya vijimea, vinyesi, maganda ya uduvi, na mara moja moja mzoga wa nyangumi unaolisha kijiji kizima cha viumbe kwa miaka mingi. Chakula ni haba, kwa hiyo miili imezoea kungoja. Kiumbe mmoja wa jamii ya kaa na kamba, aliyefugwa kwenye maonyesho ya samaki huko Toba, Japani, alikula mwanzoni mwa 2009 na hakula tena mpaka alipokufa Februari 2014.

Lakini mwaka 1977 wanajiolojia waliokwenda karibu na visiwa vya Galápagos kutafuta chemchemi za moto za sakafuni walikuta, kwenye mita 2,500, bustani ya wanyama. Hawakuwa na mwanabiolojia hata mmoja melini. Minyoo mirefu kuliko mtu, yenye vishungi vyekundu, haina mdomo wala utumbo. Ndani yake wanaishi bakteria wanaotengeneza chakula kwa nishati ya haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza inayotoka ardhini. Hata hivyo, anayesema viumbe hao hawalihitaji jua kabisa naye amezidisha. Minyoo hiyo inatumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na oksijeni hiyo ilitengenezwa na mimea na vijimea vilivyopigwa na jua.

"Silikanti ndiye babu yetu, na hajabadilika tangu enzi"

Huyu ni samaki wa kwetu, ingawa wengi humsikia kama habari ya ng'ambo. Wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanzania alionekana 2003 huko Songo Mnara, Kilwa, kisha wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu. Mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake mkoani Tanga, mahali ambapo basi la asubuhi kutoka Moshi hufika siku hiyohiyo.

Kuishi chini kabisa haishi. Hupenda mapango ya mita mia moja na zaidi. Umbo la mababu zake waliohifadhiwa katika mawe si sawa na lake, basi amebadilika. Na jeni zake zilipochunguzwa mwaka 2013, ilidhihirika kwamba ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wa nchi kavu ni kamongo, huyuhuyu wanayemla kando ya Ziwa Viktoria. Cha ajabu kwa silikanti ni subira: utafiti wa 2021 unakadiria kwamba hubeba mimba miaka mitano na anaweza kuishi karibu karne. Jarife moja likinasa jike mwenye mimba, hasara yake haifidiwi upesi.

"Huko ni mbali, hakuna wa kuwagusa"

Katika Bahari ya Hindi yetu, kwenye chemchemi za moto zilizo zaidi ya mita 2,000 chini, yupo konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye madini ya chuma. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, wa kwanza kuorodheshwa kwa sababu ya uchimbaji wa madini ya bahari kuu ambao hata haujaanza. Wakati huo alikuwa anajulikana kutoka maeneo matatu tu, na mawili kati yake yalikuwa chini ya leseni za utafutaji madini. Leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika. Tanzania ni mwanachama, na katika baraza lake kuu kila nchi ina kura moja.