Ufunguo mbadala wa gari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ufunguo wa rimoti ukipotea au vitufe vyake vikichoka, wengi wetu tunakimbilia kutafuta picha ya ufunguo unaofanana na ule wa zamani. Vitufe vitatu kwa vitatu, umbo ni lile lile, bei iko chini kuliko ya wakala wa kampuni. Mtu analipa, ufunguo unafika, gari halina habari nao. Hasara ya namna hii inaniuma kwa sababu inaepukika, na mara nyingi chanzo chake ni maneno ambayo watu wanapokezana bila kuyapima.

"Ukifanana kwa nje, utafanya kazi"

Fungua ufunguo wowote kwa ncha ya bisibisi bapa, pale kwenye kimfereji cha ubavuni, uone kilichomo. Kuna saketi yenye vitufe na betri. Hiyo ndiyo rimoti, inayofunga na kufungua milango kwa mawimbi ya redio. Kuna chipu ya imobilaiza, mfumo unaozuia injini kuwaka kwa ufunguo ambao gari haliutambui. Katika funguo nyingi chipu hiyo ni kipande cheusi kidogo kilichojibanza peke yake kwenye kitundu, kikidondoka sakafuni unaweza kukifagia pamoja na takataka. Katika nyingine imeunganishwa kwenye saketi yenyewe. Halafu kuna chuma kilichochongwa. Ni vitu vitatu vyenye masharti matatu, na ganda halikwambii lolote juu ya hata kimoja.

Anza na masafa ya mawimbi ya redio ya rimoti. Rimoti za magari ya soko la Ulaya, na ya sehemu kubwa ya dunia, nyingi hutumia MHz 433. Za magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani na Amerika Kaskazini nyingi ziko kwenye MHz 315. Gari linaweza kuwa modeli moja na mwaka mmoja, ganda la ufunguo likawa lile lile, lakini masafa yakatofautiana kwa sababu ya soko lililokusudiwa. Mwenye gari la MHz 315 akinunua rimoti ya 433, anaweza kubonyeza mpaka kidole kiume. Kipokezi cha gari lake hakisikilizi huko, na kusajili, yaani kuutambulisha ufunguo kwa gari, hakubadilishi hilo. Chipu nazo zina aina zake: ID46, ID48, 4D, 8A na nyinginezo. Gari linalotaka aina moja halipokei nyingine.

Kwa hiyo linganisha namba. Nyuma ya ganda, au kwenye saketi chini ya betri, mara nyingi pana namba ya kipuri, na pengine masafa pia. Funguo za soko la Marekani huwa na FCC ID, namba ya idhini ya vifaa vya redio vya huko, ambayo inasaidia sana kutambua rimoti. Kama ufunguo wa zamani haupo tena, fundi funguo anaweza kuanzia kwenye namba ya chasi kujua gari lilitoka kiwandani na ufunguo wa aina gani. Muuzaji asiyeweza kukutajia masafa na aina ya chipu ya bidhaa anayoinadi, achana naye, hata kama bei yake inavutia.

"Ukishachongwa, gari litawaka"

Mlango utafunguka. Kuwaka ni habari nyingine.

Umoja wa Ulaya ulilazimisha imobilaiza kwenye magari mapya tangu 1998, Australia ikafuata 2001 na Kanada 2007, na kampuni nyingi ziliifunga hata kwenye magari ya nchi zisizoilazimisha. Unapochomeka ufunguo na kuuzungusha, koili iliyozunguka swichi hutoa uga wa sumaku, kwa kawaida wa kHz 125 hivi. Uga huo unaipa chipu umeme kidogo wa kuamka na kujibu swali ililoulizwa na gari. Chipu isiyosajiliwa ikijibu, injini huweza kunguruma kwa sekunde moja mbili kisha ikazima, au stata isizunguke kabisa, huku taa ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi. Watu wakiona hivyo hudhani chuma kimechongwa vibaya na kurudi kuchongesha kingine. Chuma hakina kosa. Kinachokosekana ni kuutambulisha ufunguo kwa kompyuta ya gari.

Na angalia jambo hili: chipu hiyo haili betri. Betri ya ufunguo wa kuchomeka ikifa, vitufe vinanyamaza lakini gari linawaka. Hata funguo za magari ya kuwasha kwa kitufe zimewekewa njia ya dharura. Ndani yake huwa na chuma kidogo cha kufungulia mlango, na ukiusogeza ufunguo ukagusa kitufe cha kuwashia, au mahali palipotajwa kwenye kitabu cha gari, gari litausoma. Ndiyo maana ninasisitiza kubadili betri kabla ya kununua chochote. Nyingi ni za volti 3, na namba yake inajieleza: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2025 ina kipenyo hicho hicho lakini unene wa 2.5. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, itaingia vizuri kisha itakuwa inagusa na kuachia, na utaanza kulaumu saketi nzima.

"Wa kampuni nyingine ni feki"

Kampuni nyingi za magari hazitengenezi funguo zenyewe. Zinaagiza kwa watengenezaji wa vipuri kama Tokai Rika, Hella na Valeo. Ufunguo usio na nembo ya gari lako unaweza kuwa mbovu kweli, unaweza pia kukuhudumia kwa miaka. Feki ni ule uliobandikwa nembo ya kampuni ya gari bila ruhusa ukauzwa kama orijino, na huyo muuzaji amekudanganya hata kama ufunguo unafanya kazi.

Tofauti za ubora zipo, tena zinaonekana. Tazama vibati vinavyoshika betri: kama solda yake ni nyembamba na vinayumba ukivisukuma kwa ukucha, ufunguo ukianguka mara chache vitang'oka. Mpira wa vitufe usiwe mwepesi kama karatasi. Chuma laini hupinda, na meno yake huisha upesi. Jaribu pia umbali ambao rimoti inafika. Saketi dhaifu hukulazimisha kusimama karibu na mlango. Na kama vitufe tu ndivyo vimechakaa huku saketi iko nzima, nunua ganda tupu na uhamishie vya ndani. Hapo huhitaji kusajili chochote, ilimradi hukuisahau ile chipu ndogo kwenye ganda la zamani.

Kuhusu usalama, wapo wanaosema ufunguo mbadala unarahisisha wizi. Udhaifu, pale unapokuwepo, uko kwenye mfumo wa gari. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories walionyesha jinsi ya kuvunja siri ya chipu ya DST ya Texas Instruments, iliyokuwa ikitumika kwenye magari mengi ya wakati huo, na chipu hizo zilitoka na magari kiwandani.

"Uliotumika ni sawa, unafutwa tu"

Inategemea, na hapa watu huumia. Toyota nyingi za kuwasha kwa kitufe hutumia funguo ambazo zikishasajiliwa kwenye gari moja hujifunga nalo, na gari lingine huzikataa. Funguo nyingi za Mercedes na BMW nazo hazihamishiki hivi hivi. Baadhi zinaweza kurudishwa upya kwa vifaa maalumu, lakini si zote. Muuzaji wa mtumba aseme waziwazi kama ufunguo umesharudishwa upya, na ukubaliane naye kuurudisha ukikataliwa na gari.

"Wakala pekee ndiye anayeweza kusajili"

Si kweli kwa magari mengi. Fundi funguo mwenye mashine inayochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani huifanya kazi hiyo kila siku. Lakini pia si kweli kwamba unaweza kuifanya mwenyewe muda wowote. Ule utaratibu wa kufunga mlango na kuzungusha swichi mara kadhaa, kwenye magari mengi yanayoukubali, husajili vitufe vya rimoti tu; chipu inabaki mgeni. Ford kadhaa za zamani huruhusu kuongeza ufunguo bila mashine, ila ukiwa na funguo mbili zilizokwisha sajiliwa. Na baadhi ya magari mapya hayasajili mpaka mashine iunganishwe na seva ya kampuni. Uliza gharama ya kusajili kabla ya kununua ufunguo, kwa sababu inaweza kuzidi bei ya ufunguo wenyewe, na mafundi wengi hawataki lawama ya ufunguo usionunuliwa kwao.

"Nikishapata mpya, ule uliopotea haufanyi kazi tena"

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Kwa kawaida kuongeza ufunguo hakufuti mwingine. Ule uliodondoka sokoni au kuibwa na mkoba utaendelea kufungua milango na kuwasha injini mpaka fundi aufute kwenye kumbukumbu ya gari. Mwambie aufute siku hiyo hiyo, na uende na funguo zako zote, maana katika magari mengi kufuta ni kuondoa zote kisha kusajili upya zilizopo. Mashine nyingi huonyesha idadi ya funguo zilizosajiliwa. Omba uione kwa macho yako: ikisoma nne na wewe unazo mbili, kuna mbili nyingine mahali fulani, na hasa kwa gari lililonunuliwa mkononi hilo si jambo la kuacha lipite.

Kama chipu yako ilinakiliwa badala ya kusajiliwa upya, gari linauona ufunguo wa awali na nakala yake kama kitu kimoja. Huwezi kufuta mmoja ukauacha mwingine; awali ikiibwa, nakala uliyobaki nayo lazima ifutwe pia na utafute chipu nyingine. Kufuta nako kuna mpaka wake. Injini haitawaka kwa ufunguo uliofutwa, wala vitufe vyake havitafungua kama navyo vimefutwa, lakini chuma chake bado kinaingia kwenye kitasa cha mlango na kukizungusha. Aliyeuchukua akijua gari linapolala, kinachobaki ni kubadilisha vitasa.