Mwalo Hufuata Maji: Pa Kuvua na pa Kushushia Mtumbwi katika Mabwawa na Maziwa ya Dodoma na Singida

Wanaofika kwa afisa uvuvi kuomba leseni kwa mara ya kwanza huuliza karibu wote swali moja: nikashushie wapi mtumbwi, yaani mwalo uko wapi? Kwa maji ya kanda ya kati, swali hilo halijibiwi kwa jina la kijiji peke yake, bali kwa jina la kijiji pamoja na mwezi. Kanda hii ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha hukaa miezi mingi bila mvua ya maana huku jua na upepo vikiyanywa maji ya maziwa ambayo kina chake ni kifupi. Palipokuwa ukingo wa maji mwezi Mei, mwezi Oktoba panaweza kuwa malisho ya ng'ombe, na mtu aliyeelekezwa hapo na mwenzake miezi mitano iliyopita atajikuta anaburuta chombo kwenye tope.

Inafaa kujua kwanza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, maana hilo ndilo linaloeleza tabia ya kila ziwa. Bwawa la Mtera limezuia mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake hushuka hadi Kidatu na hatimaye Rufiji. Bwawa la Hombolo liko kwenye Kinyasungwe Ndogo, ambayo ni ya bonde la Wami. Mto Bubu unaotoka upande wa Kondoa haufiki baharini kabisa. Huishia kwenye mbuga za Bahi na ziwa Sulunga. Huko Singida, maji ya Wembere huingia ziwa Kitangiri, hutoka kwa mto Sibiti na kumalizikia Eyasi. Ziwa lisilo na njia ya kutokea hupungua kwa kukauka tu, na chumvi yake hubaki. Bwawa la umeme hupungua pia kwa sababu mitambo inalihitaji, hata katika wiki ambayo mvuvi angependa libaki lilivyo.

Mtera ndiyo yenye mengi ya kueleza. Ilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili kuweka akiba ya maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, na mtambo wake wenyewe wa megawati 80 ukaanza kazi mwaka 1988. Likijaa, bwawa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Mita nane na nusu huonekana ni kitu kidogo kwenye karatasi. Lakini ardhi ya Mtera ni tambarare, hivyo maji yakishuka mita moja huacha wazi uwanda mpana wa tope, na mwalo wa Migoli au Izazi upande wa Iringa, kama ilivyo mialo ya upande wa Mpwapwa, hulazimika kuyafuata maji yanakorudi. Vibanda, vichanja vya kuanikia samaki na njia za pikipiki vyote huhama pamoja nao. Kwa hiyo usiende na maelekezo ya msimu uliopita. Uliza kijijini siku hiyohiyo.

Ukifika, usishushe chombo kabla ya kuijaribu ardhi. Chukua pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, utembee kuelekea majini, na kila baada ya hatua chache uikite kwa nguvu. Tope la Mtera wakati wa kiangazi hufanya ganda kavu juu, lililopasuka vipande kama vigae, na mtu mmoja hupita juu yake bila wasiwasi. Wanaume sita waliobeba mtumbwi wa mbao, au pikipiki iliyopakia matenga ya samaki, hulivunja na kuzama hadi magotini. Pondo ikigonga na kusimama, hapo pana mchanga au changarawe, na ndipo pa kupita. Ikiingia kwa urahisi kama kisu kwenye ugali, tafuta mahali pengine hata kama ni mbali zaidi. Vijito vinavyoingia bwawani mara nyingi vina sakafu ya mchanga iliyo imara kuliko uwanda ulio pembeni yake, lakini njia hiyo ni ya kiangazi tu. Mvua zikianza, kijito hicho hicho kinaweza kushusha mafuriko wakati anga juu yako ni jeupe.

Hatari ya pili ni miti. Bwawa lilipojaa kwa mara ya kwanza lilifunika pori, na mashina mengi bado yamesimama majini, mengine yakionekana na mengine yakiwa shubiri moja tu chini ya maji. Yanayoonekana si tatizo, kwa kuwa mvuvi huyatumia kama alama na perege hupenda kivuli chake. Ni yale yaliyozama yanayotoboa vyombo, hasa kuanzia Agosti, maji yanapopungua na kisiki ambacho mtumbwi ulikipita juu mwezi Mei kikawa sawasawa na ubao wa chini. Nimewahi kuwa ndani ya mtumbwi uliopasuliwa hivyo. Tulikumba maji kwa dumu lililokatwa hadi tukafika ukingoni, na kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa tukienda polepole kwa kasia. Mwenye injini apunguze mwendo kabisa katika eneo la miti, na wavu wa makila, ule unaotegwa majini ukawanasa samaki wanaopita, utegwe pembezoni mwa mashina badala ya katikati yake, kwa sababu wavu ulionasa kwenye kisiki huendelea kuua samaki bila faida kwa yeyote.

Wakati wa kiangazi samaki wengi, kambale hasa, husogea kwenye mkondo wa zamani wa mto ambako kina kimebaki. Mvua za kwanza zinapofika, kambale hupanda kwenye midomo ya mito na nyasi zilizofunikwa na maji ili kutaga. Huonekana kwa macho, wakijipindua kwenye maji ya kifundo cha mguu, na hapo ndipo kishawishi kinapokuwa kikubwa. Tunawaomba wavuvi wawaache wapite. Perege naye huchimba vishimo katika maji mafupi, na jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, hivyo kokoro linaloburutwa ukingoni huzoa kizazi chote kwa mvuto mmoja. Kokoro, sumu, baruti na vyandarua vimekatazwa, na maeneo ya mazalia yaliyotengwa hayavuliwi kwa zana yoyote. Vilevile usisogelee ukuta wa bwawa, mahali mitambo inapovutia maji, wala chini ya milango ya kutolea maji. Eneo hilo lina ulinzi, na maji yanaweza kufunguliwa wakati wowote.

Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma, ni bwawa dogo lililojengwa mwaka 1957, na tope limepunguza kina chake kwa miaka mingi. Kulifikia ni rahisi. Linalotakiwa ni kuchagua ukingo usio na matete wala magugu, si kwa sababu ya mtumbwi tu bali kwa afya ya anayeusukuma: maji yaliyotulia kwenye magugu ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Vaa buti za mpira, usisimame majini kuosha nyavu, na ukiona damu kwenye mkojo nenda kituo cha afya upimwe, kwani dawa ipo.

Sulunga huwa ziwa katika miaka ya mvua nzuri na uwanda mkavu katika miaka mibaya, na kambale wake huweza kustahimili kwa muda katika tope lenye unyevu kwa sababu hupumua hewa. Hapa mtumbwi mwepesi wa kusukumwa kwa pondo unafaa kuliko boti, na injini haina kazi. Kitangiri ni kubwa zaidi, na wa upande wa Iramba huifikia kwa kupitia Tulya; nalo ni ziwa lenye kina kifupi, na upepo wa Singida huinua humo mawimbi mafupi yaliyosimama, yanayofuatana kwa haraka na kujaza mtumbwi kabla mtu hajaugeuza. Toka alfajiri, uwe umerudi kabla upepo wa mchana haujakolea. Singidani na Kindai, yaliyomo mjini Singida, yana maji ya chumvi, na yanafaa zaidi kwa kutazama heroe na mwari kuliko kwa mtu anayetafuta mwalo.

Kokote uendako, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009 zinataka mvuvi awe na leseni na chombo kiwe kimesajiliwa. Anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri, umwulize ukubwa wa macho ya nyavu unaoruhusiwa katika maji hayo na kama kuna kipindi cha kufunga uvuvi. Kisha ripoti kwa kikundi cha ulinzi shirikishi cha mwalo husika. Wao ndio wanaojua pia mapito ya viboko. Njia pana yenye mifereji miwili na kinyesi kilichotawanywa vichakani ni ya kiboko, na mtumbwi haulazwi hapo hata kama ardhi ni nzuri, kwa sababu hupita usiku na kurudi alfajiri, saa ileile mvuvi anapokwenda kutegua nyavu.

Kila aliyemo chomboni avae jaketi okozi badala ya kulikalia. Mwenye chombo aache mwaloni majina ya waliomo, upande wanaoelekea na saa ya kurudi, hasa Mtera, ambako mtumbwi unaweza kushuka Mpwapwa na kupandia Iringa; wasimamizi wa mwalo wasiopewa taarifa hiyo hawana njia ya kujua, jioni ikiingia, kama chombo kimezama au kimevuka tu.